Wanawake wa Kona wapewe kapu lao

JUMAMOSI ya Oktoba 11, 2025, saa moja na ushei usiku kwa saa za hapa, kule Kailua-Kona kwenye visiwa vya Hawaii ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Wanawake walikuwa wanaingia baharini. Kazi iliyokuwa mbele yao: kuogelea kilometa 3.8, kupanda baiskeli kilometa 180, halafu kumalizia na marathoni nzima ya kilometa 42.2. Vyote siku hiyohiyo, mfululizo, na anayezidisha saa 17 anahesabiwa hajamaliza.

Mimi ni mtu wa soka. Nilifungua simu kwa sababu nilikuwa na bando linaloelekea kuisha muda wake, nikasema acha nilimalizie hapa. Nikajikuta niko macho hadi saa kumi alfajiri, kesho yake nikaenda kazini macho mekundu kama nimetoka msibani.

Na hakuna dabi niliyoitazama mwaka huu iliyonikaba roho vile. Muingereza Lucy Charles-Barclay, bingwa wa 2023, aliachia njiani kwenye mbio za miguu, joto limemshinda. Mmarekani Taylor Knibb akabaki anaongoza peke yake. Zikiwa zimebaki kama kilometa tatu tu, miguu ikagoma. Akayumba, akakaa chini barabarani, basi. Mnorwei Solveig Løvseth akapita, akachukua ubingwa kwa tofauti ya sekunde 35 dhidi ya Kat Matthews wa Uingereza. Saa nane na nusu za kazi, zinaamuliwa kwa sekunde 35. Usiku huohuo wa Kona bibi wa miaka 80, Natalie Grabow wa Marekani, akavuka mstari kabla ya saa 17 kutimia na kuwa mwanamke mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kumaliza ubingwa huo.

Ilikuwa siku ya wanawake peke yao. Barabara yao, kamera zao, watangazaji wao. Na hiyo ndiyo imetufanya tuchukue nafasi hii ya maoni, ambayo kwa kawaida ni ya Ligi Kuu na waamuzi wake, tuizungumzie triathloni.

Kuanzia 2026 mambo yanabadilika. Waandaaji, kampuni ya Ironman, wameshatangaza kwamba Oktoba 10, 2026 wanaume na wanawake watarudi Kona pamoja, siku moja. Ule utaratibu wa miaka mitatu wa kuwatenganisha, mwaka huu wanawake Kona na wanaume Nice kule Ufaransa, mwaka unaofuata wanabadilishana, ndiyo umefika mwisho. Kurudi pamoja si dhambi, wengi wao walikuwa wanalilia hilo. Shida ni kwamba Kona ni mji mdogo. Gati ni lilelile, barabara kuu ni ileile. Watu wa jinsia mbili wakiingizwa kwenye siku iliyokuwa ya mmoja, lazima kuna watakaobaki nje. Nani abaki nje? Hapo ndipo penye ugomvi, na ugomvi huo haukuanza leo.

Shabiki wa soka haya mambo ya nafasi anayajua vizuri. Tanzania kwa wanaume tunapeleka timu nne kwenye mashindano ya klabu Afrika, mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Shirikisho. Bingwa anakwenda, wa pili anakwenda, hata wa nne ana mlango. Njoo upande wa wanawake. Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ilianza 2021 ikiwa na timu nane tu Afrika nzima, na kanda yote ya CECAFA ikawa inatoa bingwa wake mmoja. Simba Queens mwaka 2022 hawakuweza kwenda Morocco kwa kuwa mabingwa wa Tanzania. Ilibidi kwanza wawe mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Walikwenda, wakafika nusu fainali, wakamaliza wa nne. Mwaka uliofuata JKT Queens nao ikabidi wapite njia hiyohiyo. Ukiwa wa pili kwenye kanda, hata kama umefungwa kwa penalti, unarudi nyumbani kuangalia kwenye televisheni.

Basi chukua hisia hiyo uipeleke Hawaii.

Mwaka 2015 Ironman walikuwa na mfumo wa pointi kwa wanamichezo wa kulipwa. Unashindana mwaka mzima sehemu mbalimbali za dunia, unakusanya pointi, mwishoni orodha inakatwa. Kwa wanaume ilikatwa kwenye jina la 50. Kwa wanawake ilikatwa kwenye jina la 35. Mwisho wa Julai walikuwa wanachukuliwa wanaume 40 na wanawake 28, Agosti wanaongezwa wanaume 10 na wanawake saba. Bingwa wa kike na bingwa wa kiume wanalipwa zawadi sawa. Umbali ni uleule, joto ni lilelile, bahari ni ileile. Ila mlangoni wapo 50 kwa 35.

Hoja ya waandaaji ilikuwa ya hesabu. Wanawake wa kulipwa ni wachache kuliko wanaume, walisema, kwa hiyo tukigawa kwa uwiano wa walioko tunakuwa tumetenda haki kwa wote. Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Hata mimi iliniingia, nikaanza kutikisa kichwa.

Halafu ukikaa nayo unaona ilipolegea. Kwanza, mfumo wa pointi una adhabu iliyojificha. Orodha ikiwa fupi, pointi za kuingia zinapanda. Dada aliyeko kwenye nafasi ya 34 au 36 hawezi kupumzika. Inabidi atafute mashindano mengine Juni, mengine Julai, na akikosa, mengine Agosti. Haya si mashindano ya kukimbia kilometa 10 ukarudi kazini Jumatatu. Mwili ukishapigwa mashindano ya umbali huu unahitaji wiki nyingi kurudi. Mwanaume aliyeko nafasi ya 34 alikuwa ameshamaliza kazi, anafanya mazoezi taratibu akiisubiri Oktoba. Mwenzake wa kike wa nafasi hiyohiyo anafika Kona, kama atafika, betri iko nyekundu. Kisha mchambuzi anakaa studio anasema upande wa wanawake hauna ushindani kule nyuma. Utapataje ushindani kwa watu uliowachosha mwenyewe?

Pili, na hili ndilo kubwa, hesabu ya uwiano inachukua matokeo ya jana inayafanya kuwa sheria ya kesho. Wanawake ni wachache kwa sababu nafasi ni chache, mdhamini hampi mkataba mtu asiyekwenda Kona, na asiye na mdhamini anaacha mchezo anarudi kufanya kazi benki. Mwakani mnahesabu tena mnakuta ni wachache. Mnasema, si mnaona?

Wanawake wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka huo likaanzishwa vuguvugu lililokuwa linadai jambo moja tu, wanawake 50 Kona. Hawakudai kupendelewa, wala kupunguziwa umbali. Chrissie Wellington, Muingereza aliyetwaa ubingwa wa Kona mara nne, naye alisimama upande wao. Waandaaji walikaza shingo miaka kadhaa. Mfumo ule wa pointi ukaja kuachwa baada ya mashindano ya 2018, na uliofuata ukawa karibu zaidi na usawa kwa wanamichezo wa kulipwa. Lakini angalia ilichukua muda gani, kwa dai ambalo lingeweza kumalizwa kwenye kikao kimoja cha asubuhi kabla chai haijapoa.

Wellington mwenyewe ni somo. Mwaka 2007 hakuna aliyekuwa anamjua. Agosti alishinda mashindano ya Korea Kusini akapata tiketi, Oktoba akaenda Kona kwa mara ya kwanza na kuwaacha wote. Pigia hesabu mwenyewe: chini ya mfumo wa kukusanya pointi mwaka mzima, uliokuja kuanza kutumika kwa mashindano ya 2011, binti kama yule aliyeibuka Agosti angezitoa wapi pointi za kutosha? Kwenye soka tungesema huyu angekaa benchi msimu mzima kwa sababu kocha hajawahi kumuona.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kugawa sawa. Mchezo huuhuu wa triathloni, ule wa umbali mfupi, uliingia Olimpiki mara ya kwanza Sydney 2000, na walioanza siku ya kwanza kabisa walikuwa wanawake. Tokyo na Paris zilitengwa nafasi 55 kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Hakuna aliyesema mashindano yameharibika. Kwa hiyo jambo linawezekana, tena ndani ya familia moja ya mchezo.

Kuna mtu atasema ukiongeza nafasi unashusha kiwango. Hii hoja tumeisikia sana kwenye soka letu, kwa hiyo tuijibu kwa soka. Kombe la Dunia la Wanawake 2011 Afrika ilikuwa na nafasi mbili kati ya 16. Zote mbili, Nigeria na Guinea ya Ikweta, zilitolewa hatua ya makundi. Mwaka 2023 Afrika ikawa na timu nne kati ya 32. Nigeria, Afrika Kusini na Morocco zikavuka makundi, tatu kati ya nne. Morocco ilikuwa mara yake ya kwanza, na kundi lake ndilo lililomrudisha nyumbani Mjerumani. Je, Nigeria ile ingeonekana wapi kama nafasi zingebaki mbili? Ubora haukuja kwanza ukasubiri nafasi. Vilikuja pamoja, na mara nyingine nafasi ndiyo ilitangulia.

Mpaka hapa nimeongelea wanaolipwa, na hapo msimamo wetu hauna kona wala mzunguko: nusu kwa nusu. Ukiwa na nafasi 100, 50 huku na 50 kule. Mashindano ya kulipwa ni maonyesho na ni ajira, na zawadi tayari ni sawa.

Sasa tuje kwa wa ridhaa, ambako ndiko kwenye umati. Hawa ni walimu, madaktari, mafundi, mama wa watoto watatu, wanaoamka saa kumi usiku kufanya mazoezi kabla ya kazi. Wanalipa wenyewe. Ada ya kushiriki ubingwa huo peke yake ni zaidi ya dola 1,000, hapo hujagusa nauli ya ndege, hoteli wala gharama ya kusafirisha baiskeli.

Utaratibu wa miaka yote ulikuwa hivi. Kila mashindano ya kufuzu yanapewa idadi ya nafasi. Washiriki wamegawanywa kwa jinsia na umri, miaka mitano mitano. Kila kundi linapata angalau nafasi moja, zinazobaki zinagawiwa kwa kuangalia kundi gani lina watu wengi. Tuseme mashindano yana nafasi 40 na watu 2,000, wanaume 1,600 na wanawake 400. Kwa mgawo huo wanawake wataambulia nafasi nane au zaidi kidogo, nyingi zikiwa zile za lazima za mojamoja. Kwa hiyo kundi la wanaume wa miaka 40 hadi 44 linaweza kuwa na nafasi sita, mtu akimaliza wa sita anakwenda. Dada wa umri huohuo akiwa wa pili, anapiga makofi.

Kesho yake asubuhi kuna kikao cha kugawa tiketi. Jina linaitwa. Ukiwepo unasema naitaka, unalipa palepale. Usipokuwepo au ukikataa, nafasi inashuka kwa anayefuata. Kuna watu wamelia kwenye vikao hivyo kuliko waliolia kwenye mstari wa kumalizia. Nimetazama video zake kadhaa na nakwambia ukumbi unakuwa kama dakika ya mwisho ya penalti.

Kwenye ile miaka ya kutenganishwa, wanawake walipata nafasi nyingi. Kona ya 2023, iliyokuwa ya kwanza ya wanawake watupu, ilikuwa na washiriki zaidi ya 2,000. Lakini tuseme ukweli wote, hata ule usiotusaidia: kwenye baadhi ya mashindano nafasi hizo za wanawake zilishuka mbali sana kwenye orodha, zikitafuta mtu wa kuzichukua. Wanaume waliokuwa wanakosa kwa sekunde chache walikuwa wanaangalia wanaumia. Wanaopinga usawa wanaishika sana hoja hii. Wanasema mmeona? Tuliwapa, hawakuzitaka.

Hatuipuuzi. Ila swali ni nani anaweza kuamua ndani ya dakika moja, Jumatatu asubuhi, kulipa fedha ile na kujipangia safari ya mbali, wakati ana watoto nyumbani na mwaka jana aliambiwa nafasi kama hii haiwezekani kwa mtu wa kiwango chake? Mwanaume wa Kona amekuwa akijiandaa kiakili kwa miaka 40. Anajua rafiki yake alikwenda, mkwe wake alikwenda. Upande wa wanawake mlango ulifunguliwa misimu mitatu tu, kisha mkasema wamechelewa kuingia, funga. Hata timu iliyopanda daraja hupewa msimu wa kuzoea.

Sasa ya 2026. Julai 2025 Ironman walitangaza mfumo mpya. Mshindi wa kila kundi la umri, wa kike na wa kiume, anapata tiketi moja kwa moja. Akiikataa, inashuka kwa wa pili au wa tatu, haiendi mbali zaidi. Hapo wamefanya vizuri na tunawapa haki yao. Yule bibi wa miaka 80, akishinda kundi lake, hahitaji kumuomba mtu.

Tatizo ni nafasi zinazobaki. Hizo, kwa mfumo ulivyotangazwa Julai 2025, zilitupwa kwenye kapu moja, wanaume na wanawake, vijana na wazee wote humohumo. Muda wa kila mtu ulirekebishwa kwa kigezo cha jinsia na umri wake, kigezo kilichotengenezwa kutokana na muda wa waliofanya vizuri Kona miaka iliyopita. Halafu walipangwa kwenye orodha moja kuanzia juu, nafasi zikiisha, zimeisha. Kwa mara ya kwanza dada wa miaka 35 alishindania tiketi na kaka wa miaka 50 ambaye hata hawakuanza pamoja majini.

Kwenye karatasi inapendeza. Kila mtu anapimwa kwa mizani ya wenzake. Mtu wa kompyuta ataipenda sana.

Lakini mizani inategemea uliitengeneza kwa kumpima nani. Kwa miongo mingi wanawake waliofika Kona walikuwa wachache. Umechukua muda wa wachache hao waliopenya, ukautumia kumpima dada wa kawaida wa leo, na upande wa pili umetumia umati wa wanaume. Hivyo vipimo viwili havikuzaliwa katika mazingira sawa, hata kama fomula ni moja. Halafu kuna jambo dogo la hesabu ambalo shabiki yeyote analijua: klabu yenye vijana 1,600 kwenye majaribio itatoa wakali wengi kuliko yenye 400, hata kama vipaji vimegawanywa sawasawa. Kwenye kapu la pamoja, mwenye umati ndiye mwenye majina mengi juu. Ule uwiano wa zamani, pamoja na ubovu wake, angalau ulikuwa unamlinda mwanamke kwa mgawo wake. Kapu la pamoja halimlindi kwa chochote zaidi ya tiketi ya mshindi.

Na fomula ina ubaya mwingine: haina uso. Mwaka 2015 ulikuwa unaweza kumuuliza mtu, kwa nini 35? Akakosa la kusema. Leo ukiuliza unajibiwa ni kompyuta imepanga.

Msimamo wetu kwa wa ridhaa hausemi nusu kwa nusu kesho asubuhi. Tungesema hivyo tungekuwa tunatafuta makofi. Kama wanaume ni wanne kwa kila mwanamke mmoja, kutoa nusu leo kungemuumiza kaka aliyemaliza wa tano kati ya 300, na yeye naye ni mtu, ana miaka sita anaisaka tiketi hiyo. Tunachosema ni kwamba wanawake wapewe kapu lao. Baada ya washindi wa makundi kupata tiketi zao, nafasi zilizobaki zigawanywe kwanza kwa jinsia, ndipo fomula ianze kufanya kazi ndani ya kila kapu. Dada ashindane na dada kwa umri tofauti, sawa, tumekubali hesabu za umri. Asishindanishwe na wanaume kwa tafsiri ya mashine.

Na kapu la wanawake liwe na kiwango cha chini kisichoguswa. Tunapendekeza theluthi ya nafasi zote, halafu kiwango hicho kipande kidogokidogo kwa miaka inayojulikana mapema. Kikikosa wachukuaji kwenye mashindano fulani, nafasi zisiruke moja kwa moja kwenda kwa wanaume. Zihamishiwe kwa wanawake wa mashindano mengine yaliyofurika. Na muda wa kuamua uwe hata siku tatu badala ya dakika moja pale ukumbini. Hili la mwisho halina gharama yoyote.

Bado kuna suala la siku yenyewe. Kabla ya 2022 wote walikuwa wanashindana siku moja, na wanawake wa mbele walikuwa wanajikuta wamezungukwa na wanaume wa ridhaa wenye kasi kwenye baiskeli, huku kamera ikiwa kwa wanaume wanaoongoza. Ndiyo maana Oktoba 2022, walipopewa Alhamisi yao na wanaume Jumamosi, watu waliona kitu tofauti. Mmarekani Chelsea Sodaro, mara yake ya kwanza Kona, akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alishinda na dunia ikamuona mwanzo hadi mwisho. Wenyeji wa Kona walilalamika kwamba siku mbili za kufungiwa barabara zimewazidi, na ni haki yao. Hivyo ndivyo Nice ilivyoingia. Sasa tunarudi siku moja. Basi pengo la muda kati ya kuanza kwa wanaume na kuanza kwa wanawake liwe pana, na matangazo ya wanawake yawe na kamera zake mwanzo mwisho. Ukishapunguza siku, usipunguze tena na nafasi, na muda wa hewani.

Msomaji mmoja ataniuliza, kijana, haya yanamhusu nini mtu wa Temeke? Jibu langu ni jina moja: Paula Newby-Fraser. Amezaliwa Harare, enzi hizo ikiitwa Salisbury, akakulia Afrika Kusini. Ndiye aliyeshinda Kona mara nyingi kuliko binadamu yeyote, wa kike au wa kiume. Mara nane, kati ya 1986 na 1996. Mwaka 1988 alimaliza wa 11 ukiwachanganya na wanaume wote. Ukiwauliza mashabiki kumi pale kijiweni nani mkali wa muda wote wa mchezo huu, hakuna atakayekutajia mwanamke aliyezaliwa Zimbabwe. Sitawalaumu, hata mimi nimemjua juzi, usiku ule wa bando.

Mbio za kufuzu za 2026 zilianza kuhesabiwa chini ya mfumo mpya, tiketi zikitoka sehemu mbalimbali za dunia. Ironman wana takwimu zote mkononi. Watoe hadharani, baada ya kila mashindano, wangapi walianza, wanaume na wanawake, na tiketi ngapi zilikwenda kwa nani, za washindi peke yake na za kapu peke yake. TFF na CAF hutuwekea msimamo wa ligi kila baada ya raundi, na tukiona timu imeporwa pointi tunaona siku hiyohiyo. Hawa nao waweke wa kwao. Tukifika Oktoba 10, wanawake wakihesabiwa pale gatini kabla jua halijachomoza, tuwe tunajua tayari wako wangapi na kwa nini.